Malipo si hapa hapa duniani

Sina ugomvi na misemo ya wazee, ila kuna mmoja ambao kila nikiusikia nakunja uso: malipo ni hapa hapa duniani. Tunausema kwenye daladala mtu akisimulia habari za tapeli aliyepata ajali. Tunausema msibani kwa sauti ya chini, nyuma ya turubai, marehemu akiwa mtu aliyewadhulumu wajane shamba kisha akamalizia miaka yake kitandani. Na wengi wanaousema ni Wakristo ambao Jumapili iliyopita walisimama kanisani wakakiri kwamba Yesu Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Kama malipo yanakwisha hapa hapa, huyo anayekuja anakuja kuhukumu nini?

Msemo huu unadumu kwa sababu kumbukumbu zetu zinachagua. Tapeli mmoja akianguka, mtaa mzima unasimulia kwa miaka. Wenzake waliopandisha maghorofa kwa fedha za watu, wakasomesha watoto nje, wakazeeka vizuri na kuzikwa kwa heshima zote, hao hatuwaweki kwenye hesabu. Mwandishi wa Zaburi ya 73 alikuwa mkweli kutuzidi: "Maana naliwaonea wivu wenye kujivuna, nilipoiona hali ya amani ya wasio haki." Aliwaona wakinawiri, akasema alichokiona. Rafiki zake Ayubu ndio waliokuwa watu wa malipo hapa hapa. Walikaa naye majivuni wakimshawishi akiri kosa lake lililomletea majipu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawaambia hawakunena yaliyo sawa.

Halafu kuna Luka 13, mahali ambapo Yesu anaulizwa jambo hili karibu uso kwa uso. Mnara ulianguka Siloamu ukaua watu 18. Je, hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe: sivyo. Ajali si hukumu. Kiharusi si hukumu. Anayemtazama jirani yake anayechechemea na kunong'ona kwamba "analipwa" amekalia kiti ambacho hakuwekewa yeye.

Nilikulia upande wa Meru, na kwetu kuna mahali panaitwa Akeri. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, shirika la Kilutheri la Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao, waliuawa hapo usiku na wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru. Walikuwa vijana, na walikuwa ndiyo kwanza wamefika. Mtoto wa Kilutheri kwetu anakua akiyajua majina yao. Kilichofuata hakisimuliwi kwa sauti ile ile. Kapteni Kurt Johannes, aliyekuwa na kikosi cha Wajerumani Moshi, alikuja na askari wake na kundi kubwa la wapiganaji wa Kichaga, wakaua watu, wakachoma nyumba, wakaondoka na mifugo. Miaka michache baadaye likajengwa boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, na waliolijenga walifanya kazi hiyo kwa kulazimishwa.

Majina ya wale wawili tunayo. Ya waliouawa katika kulipiza kisasi, wanawake waliochomewa nyumba, vijana waliobebeshwa mawe ya boma, mengi hayakuandikwa na mtu. Kwa hesabu ya hapa hapa duniani, faili la Akeri lilifungwa kwa kuwaadhibu watu ambao wengi wao hawakuwapo usiku ule. Aliyeamuru hakuitwa mbele ya hakimu yeyote kuulizwa.

Nikiwa na hayo kichwani ndipo nasoma Ufunuo 20. Yohana anaona kiti cha enzi kikubwa, cheupe, na wafu wamesimama mbele yake, "wakubwa kwa wadogo". Vitabu vinafunguliwa. Kisha kinafunguliwa kitabu kingine, cha uzima. Na wafu wanahukumiwa kwa yaliyoandikwa, "sawasawa na matendo yao". Bahari inawatoa wafu waliomo ndani yake. Nasita kila mara kwenye hiyo bahari, kwa sababu waliotupwa baharini ndio hasa watu wasiokuwa na kaburi wala rejista. Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini, alijiuliza vitabu hivyo vina ukubwa gani na vitasomwa kwa muda gani ikiwa kila mtu ana chake. Akahitimisha kwamba ni uwezo wa Mungu utakaomfanya kila mmoja akumbuke matendo yake yote kwa mara moja, dhamiri yake ikimshtaki au kumtetea. Tafsiri hiyo inanitosha. Kinachonihusu ni kwamba maono yale yanadai jambo ambalo kumbukumbu za serikali na za kanisa haziwezi kulidai: hakuna tendo lililopotea kwa kukosa mwandishi.

Mji wetu wa Arusha unajua habari za mahakama kuliko miji mingi ya Afrika. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, makao yake yakawekwa hapa, kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa. Magari meupe ya Umoja wa Mataifa yalikuwa sehemu ya barabara zetu, na kodi za nyumba zilipanda, lakini hilo ni jambo lingine. Hukumu ya kwanza ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba. Ndiyo mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mahakama ilifungwa Desemba 31, 2015. Kwa zaidi ya miaka 20 iliwashtaki watu 93, ikawahukumu vifungo 62.

Sizidharau namba hizo. Kila moja ina mashahidi waliosafiri, wakalia, wakahojiwa na mawakili waliolipwa kuwatilia shaka. Lakini waliouawa walikuwa mamia ya maelfu, na waliowaua walikuwa wengi mno kwa vyumba vya AICC. Rwanda yenyewe ililazimika kurudi kwenye gacaca, mabaraza ya kijiji, yaliyosikiliza karibu kesi milioni mbili kabla ya kufungwa rasmi Juni 2012. Hata huko, aliyekufa kabla ya kesi yake kufikiwa amekufa nayo. Na watu walioachiwa huru na mahakama ya Arusha baadhi yao walibaki hapa mjini kwa miaka, hawana hatia na hawana nchi ya kuwapokea. Haki ya kibinadamu ikifanya kazi vizuri kabisa bado inaacha mabaki ya namna hiyo.

Kesi iliyonisumbua mimi ni ya Nyange. Aprili 1994 watu wasiopungua 1,500 walikimbilia kanisa la parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda. Kanisa liliangushwa juu yao kwa tingatinga. Padre wa pale, Athanase Seromba, alihukumiwa Arusha mwaka 2006 kifungo cha miaka 15 kwa kuhusika kwake, na Machi 2008 mahakama ya rufaa ikaiongeza kuwa kifungo cha maisha. Nilisoma habari hiyo nikakumbuka orodha ya Ufunuo 21:8, ile ambayo wahubiri wa uwanjani hupenda kuitaja kwa sababu ina wazinzi na wachawi. Wamo, ni kweli. Ila wanaotajwa wa kwanza kabisa kwenye orodha hiyo ni waoga.

Hapa ndipo naachana na mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya siku ya mwisho. Spika zinapigwa hadi mtaa wa tatu, na hukumu inahubiriwa kama tishio kwa binti aliyevaa sketi fupi na kijana aliyekunywa bia mbili. Tishio, tishio, kisha mwito wa kuja mbele. Lakini Zaburi ya 96 inaposikia kwamba Mungu anakuja kuhukumu, inashangilia. "Mashamba na yashangilie, na vyote vilivyomo", miti ya mwituni iimbe, "kwa maana anakuja aihukumu nchi". Nani hufurahi akisikia hakimu amefika? Yule ambaye kesi yake imekaa muda mrefu. Mjane wa Luka 18, aliyekuwa akimwendea kadhi dhalimu bila kuchoka, hakuwa akiiogopa hukumu; alikuwa akiidai. Mtu aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, akazungushwa kutoka baraza la kata hadi wilayani mpaka akaishiwa nauli, ukimwambia hakuna siku ya hukumu hujampa raha yoyote. Umemfungia mlango wa mwisho.

Kila baada ya miaka mitatu, Jumapili ya Kristo Mfalme kwa Wakatoliki husomwa Mathayo 25:31-46. Mke wangu ni Mkatoliki, na Jumapili hiyo huwa nakwenda naye parokiani kwake, kwa sababu somo hilo likisomwa kanisa zima linatulia. Mwana wa Adamu anawatenga mataifa yote kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Kwa walioona kondoo wa Ulaya wenye manyoya mengi, hilo ni jambo rahisi. Lakini kondoo wa Kimasai ana manyoya mafupi mekundu, na kundi likiwa mbali linachanganyika na mbuzi machoni, mpaka mchungaji mwenyewe akuonyeshe. Kisha mfalme anataja matendo. "Nalikuwa na njaa, mkanipa chakula, nalikuwa na kiu, mkaninywesha, nalikuwa mgeni, mkanikaribisha, nalikuwa uchi, mkanivika, nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama, nalikuwa kifungoni, mkanijia."

Basi. Ni hayo sita. Hakuna aliyeulizwa alikuwa dhehebu gani, alibatizwa kwa maji mengi au machache, au alitoa ahadi ya jengo akaimaliza. Wanaosoma kwa makini hubishana hao "ndugu zangu walio wadogo" ni nani. Wapo wanaosema ni wanafunzi wa Yesu wanaotangatanga wakihubiri, kama wale wa Mathayo 10 wanaopewa kikombe cha maji ya baridi. Wengine wanasema ni maskini yeyote. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa nakiri kwamba wa kwanza wana hoja nzuri ya kimaandiko.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba pande zote mbili zinashangaa. Wenye haki wanauliza: Bwana, ni lini tulipokuona una njaa? Hawakumbuki. Walipeleka uji kwa mgonjwa wakarudi kuendelea na shughuli zao. Na wale wa kushoto nao wanauliza swali lile lile, maana kama wangejua ni yeye wangempikia pilau. Tena hawashtakiwi kwa lolote walilofanya. Hawakuiba, hawakuua, hukumu inasema tu, "kadiri msivyomtendea mmojawapo wa hao walio wadogo, hamkunitendea mimi". Wasifu tunaousoma msibani una elimu, vyeo, kamati alizoongoza marehemu, na watoto aliowaacha. Kwa Mathayo 25, karibu vyote hivyo havitaguswa, na yatakayosomwa ni mambo ambayo marehemu mwenyewe alishayasahau, au hakuyafanya na hakujua kwamba hakuyafanya.

Sasa Mlutheri aliyesoma katekisimu yake atainua mkono. Si tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu"? Swali hilo hurudi mezani kwetu kila Krismasi, maana ukoo wetu ni wa mseto: mimi Mlutheri, mke wangu Mkatoliki, shemeji yangu Msabato, na mdogo wangu wa mwisho alishahamia kwa walokole.

Mdogo wangu anasema kuna hukumu mbili. Waliookoka watasimama mbele ya kiti cha Kristo kupokea taji au kukosa taji, na kile kiti cheupe ni cha wasioamini. Shemeji anasema wafu wamelala hawajui neno lolote, na kwamba tangu tarehe 22 Oktoba 1844 Kristo yuko katika hukumu ya upelelezi huko mbinguni, akipitia majina, hesabu inayotoka kwenye siku 2,300 za Danieli 8:14. Hayo mawili yana vitabu vyake vizima na nyama ya Krismasi haisubiri.

Upande wa mke wangu ndio unaonivuta, ingawa sikubaliani nao kote. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kila mtu anahukumiwa mara tu anapokufa. Hata hilo lilileta ugomvi: Papa Yohane XXII alihubiri kwamba watakatifu hawamwoni Mungu uso kwa uso mpaka siku ya mwisho, wanateolojia wakamjia juu, akarudi nyuma kabla ya kufa, na mwaka 1336 mrithi wake Benedikto XII akalimaliza jambo hilo kwa tamko rasmi. Basi kama kila mtu alishahukumiwa alipokufa, hukumu ya mwisho ni ya nini tena? Jibu la katekisimu yao ni kwamba siku hiyo yatafunuliwa mema ambayo kila mmoja aliyatenda au aliyaacha, hadi matokeo yake ya mbali kabisa. Tendo halifi na mtendaji. Kapteni Johannes wa Moshi alikufa, na watoto wa watoto wa waliochomewa nyumba walikua wakiwa na majirani wanaowaogopa bila kujua chanzo. Mwalimu aliyemfundisha mtoto mmoja kusoma alikufa, na yule mtoto akaja kuwa muuguzi. Hesabu ya tendo haiwezi kufungwa mpaka historia yenyewe imekwisha. Naliona hilo kuwa moja ya mawazo mazito kabisa niliyopata kuyasikia kutoka kanisa lolote, na silisikii likihubiriwa.

Na kwetu Walutheri? Martin Luther alisimulia jinsi alivyokuwa akiogopa picha za Kristo ameketi juu ya upinde wa mvua kama hakimu. Akaona injili, hofu ikapungua. Lakini Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 17, bado linasema Kristo atarudi kuhukumu. Paulo yule yule aliyeandika kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani ndiye aliyewaandikia Wakorintho kwamba imetupasa sisi sote kudhihirishwa mbele ya kiti cha hukumu cha Kristo, "ili kila mtu apokee ijara ya mambo aliyotenda kwa mwili". Sisi sote, yeye akiwamo. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki: tunapokelewa kwa neema tu, na neema hiyo inatutuma kutenda mema. Kwa lugha ya mezani, imani ndiyo inayomwingiza mtu nyumbani, na matendo ndiyo yanayoonyesha kama aliwahi kukaa humo.

Lakini neema inaleta tatizo gumu kuliko lile la matendo. Muuaji akitubu? Mnyang'anyi msalabani alipata peponi siku ile ile, na Luka hatuambii waliibiwa akina nani. Ukikaa upande wa aliyeibiwa, habari hiyo si tamu. Najua watu wanaoukataa Ukristo kwa sababu hii tu, na nawaheshimu kuliko wanaoukataa kwa sababu ya sadaka nyingi.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulikuwa na jibu la kiutendaji. Waliookoka waliungama hadharani, na hawakuishia hapo: walirudisha mali walizoiba, wakawafuata waliowakosea kuomba radhi. Walikuwa wamemsoma Zakayo, anayetoa nusu ya mali yake na kurudisha mara nne. Toba yao ilikuwa na anwani. Leo tunatubu mbele ya madhabahu, tunalia, tunapigiwa makofi, na shamba la mjane linabaki na hati yenye jina letu. Mathayo 5 inasema uiache sadaka yako pale, uende kwanza upatane na ndugu yako. Siamini kwamba neema ilikuja kufuta hiyo safari.

Nchi ile ile ya Gahini, miaka 60 baadaye, ikawa nchi ya Nyange. Kwenye gacaca aliyekiri, akaonyesha mahali alipofukia miili, alipunguziwa adhabu, na wajane wengi walijua mahali pa kuchimba kwa sababu hiyo. Hiyo ni toba yenye anwani pia. Ila mjane anaweza kusamehe alichokosewa yeye. Hawezi kusamehe kwa niaba ya mumewe. Aliyeangukiwa na ukuta wa Nyange hakuulizwa chochote, wala hakuitwa AICC, na hakuna wakili wa upande wowote aliyeweza kumweka kizimbani aseme. Mahakama zote za dunia zinaendesha kesi za mauaji bila shahidi mkuu.

Ndiyo maana, katika maungamo yetu yote ya imani, ufufuo wa wafu hauachani na hukumu. Zamani niliuona ufufuo kama zawadi ya waumini peke yao. Yohana 5 inasema wote waliomo makaburini wataisikia sauti na kutoka, waliotenda mema na waliotenda mabaya. Muuaji anafufuliwa, na aliyeuawa anafufuliwa, wakubwa kwa wadogo, na wale wa Akeri ambao hatuna majina yao wanaitwa kwa majina yao. Muuaji aliyetubu atasamehewa, nasadiki hivyo, lakini atasamehewa huku aliyeuawa naye amesimama pale, mzima, akiwa na sauti.

Mdogo wangu anasema nimechanganya hukumu mbili kuwa moja. Shemeji anasema nimesahau 1844. Mke wangu anauliza kama ningekuwa tayari kusimama pale nikiwa mmoja wa wale waliouawa Nyange, na swali hilo sijalijibu. Krismasi ijayo watakuja kwetu tena.